Kijani cha Isecheno, Kijani cha Kompyuta

Kwa watengenezaji wa filamu, kijani ni rangi ya kitu kisichokuwepo. Mwigizaji husimama mbele ya pazia la kijani, kompyuta huamriwa ifute kila chenye rangi hiyo, na mahali pake huwekwa sayari ya mbali, mji unaoelea au jeshi la majitu. Rangi hiyo ina sababu zake za kuchaguliwa. Ngozi ya binadamu, iwe nyeusi au nyeupe, haina kijani cha kutajika. Tena kihisi cha kamera ya kidijitali, kwa mpangilio ambao Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak aliusajili mwaka 1976, kina sehemu za kupokea kijani mara mbili ya zile za nyekundu au za buluu. Bayer alikuwa akiliiga jicho la mwanadamu, ambalo huihisi rangi ya kijani kwa wepesi kuliko nyingine zote.

Tuseme basi kanuni hiyo imepelekwa Isecheno, kwenye kituo cha msitu wa Kakamega upande wa Shinyalu. Kompyuta ingefuta karibu kila kitu. Miti ya mutere ingetoweka, mikumu ingetoweka, na mizeituni mirefu ya Elgon pamoja na kuvumwani kwenye magome yake. Angesalia mbega kwa manyoya yake meusi na meupe, angesalia turako mkubwa wa buluu akiruka kutoka tawi lisiloonekana hadi tawi lisiloonekana, na labda mlinzi wa msitu amesimama peke yake hewani. Huu ndio msitu ambao wanasayansi wanauhesabu kuwa kipande cha mashariki cha misitu ya mvua ya Kongo na Guinea, na Kenya haina mwingine wa namna yake. Rangi ambayo studio huihesabu kuwa utupu ndiyo iliyobeba uhai wote wa mahali hapa.

Mgongano huo unazaa swali ambalo wapenzi wa bunilizi za kisayansi hulipita haraka wakikimbilia milipuko na vyombo vya anga. Rangi iliyochaguliwa na mtu, kisha ikachorwa na mashine, inaweza kusema kweli? Au kila msitu wa kompyuta ni uongo uliopambwa?

Filamu mbili zinajibu kwa namna zinazopingana. Mwaka 1999 akina Wachowski walitoa The Matrix, hadithi ya watu wanaoishi ndani ya ndoto iliyotungwa na mashine bila wao kujua. Kila tunapokuwa ndani ya ndoto hiyo, picha nzima imetiwa kijani cha kuugua, kijani cha maandishi kwenye skrini za kompyuta za zamani. Tukitoka nje, kwenye ulimwengu halisi uliobomoka, picha inaegemea buluu baridi. Mtazamaji hafundishwi kanuni hiyo kwa maneno, lakini baada ya nusu saa macho yake yamekwisha kuelewa: penye kijani pana udanganyifu.

Miaka 10 baadaye Mkenya Wanuri Kahiu akaigeuza hukumu hiyo. Filamu yake fupi Pumzi, ya mwaka 2009, iliyoonyeshwa kwenye tamasha la Sundance mwanzoni mwa mwaka 2010, inatupeleka Afrika Mashariki miaka 35 baada ya Vita vya Tatu vya Dunia, vita vya kugombea maji. Watu waliosalia wanaishi ndani ya jumba lililofungwa, lenye kuta zisizo na joto wala pambo. Jasho na mkojo husafishwa vikanyweka tena, umeme unatokana na nguvu za miili ya watu kwenye mashine za mazoezi, na anayeota ndoto huamriwa ameze dawa ya kuizuia. Asha, mhusika mkuu, ndiye mtunzaji wa jumba la makumbusho ya viumbe vilivyotoweka. Siku moja anapokea kisanduku cha udongo wenye unyevu, naye anaota mti. Katika filamu hii mti ndio habari ya kweli, na rangi zilizopauka za jumba lile ndizo zinazodanganya, maana zimejengwa kuwaaminisha wakazi kwamba nje hakuna tena kinachoishi.

Kijani ni kilekile, hukumu mbili. Basi ukweli wa rangi hauwezi kutoka kwenye rangi yenyewe.

Wanafalsafa walilishuku jambo hili zamani. Mwaka 1623 Galileo aliandika kwamba rangi, ladha na harufu hukaa ndani ya kiumbe anayezihisi, na kwamba viumbe vyenye hisia vikiondolewa, sifa hizo nazo zitaondoka. John Locke akaliendeleza wazo hilo mwishoni mwa karne ya 17: vitu vina umbo, ukubwa na mwendo, ilhali rangi ni uwezo tu wa kuamsha jambo fulani ndani yetu. Anayeona hoja hiyo ni ya vitabuni amtazame turako wa Isecheno. Buluu ya manyoya yake haikutokana na chembe za buluu. Inatokana na jinsi muundo wa unyoya ulivyo mdogo kiasi cha kuutawanya mwanga, na unyoya wa namna hiyo ukisagwa, buluu inakwisha. Kipepeo Papilio nireus, mwenye utepe wa buluu na kijani kwenye mbawa nyeusi, amezidi hapo. Mwaka 2005 Peter Vukusic na Ian Hooper wa Chuo Kikuu cha Exeter walionyesha kwamba magamba ya mbawa zake hung'aa na kuuelekeza mwanga nje kwa mpangilio unaofanana na ule wa taa za LED ambazo wahandisi walikuwa wamejitahidi kuzibuni.

Kwa hiyo madoido ya rangi yalikuwepo msituni kabla ya studio yoyote. Anayesema kwamba buluu ya viumbe wa Avatar, filamu nyingine ya mwaka 2009, ni ya uongo kwa sababu imetengenezwa, itambidi aeleze kwa nini buluu ya turako, nayo iliyotengenezwa kwa mchezo wa mwanga, ni ya kweli. Jibu la haraka ni kwamba ya turako imetengenezwa na Mungu. Hapo ndipo swali linapovuka kutoka maabara na kuingia kanisani na msikitini, na majirani wa msitu wa Kakamega wana majibu yao.

Waanze Marafiki, ambao dunia inawajua kwa jina la Quaker. Wamishonari wao watatu kutoka Marekani, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, waliweka kituo Kaimosi, kusini mwa msitu, mwaka 1902. Walikuja na urithi wa karne mbili na nusu wa kushuku mapambo: nyumba ya ibada isiyo na sanamu wala picha, na kumbukumbu ya mababu waliovaa kijivu ili jicho lisivutwe na kisichostahili. Kwa roho hiyo, filamu yenye mng'ao mwingi inatiliwa shaka kabla haijasema neno. Lakini mwaka 1927 pale pale Kaimosi kulizuka uamsho wa Roho Mtakatifu ambao viongozi wa misheni hawakuupokea, na waliotengwa wakaanzisha makanisa yao. Hadi leo waumini wa Roho huonekana barabarani kwa mavazi meupe yenye msalaba mwekundu. Kwao rangi ni ungamo la imani linalovaliwa mwilini, na anayeliita pambo hajalielewa.

Wakatoliki waliojenga misheni ya Mukumu walikuja na jibu la tatu, lililokatwa kwenye mtaguso wa pili wa Nisea mwaka 787 baada ya ugomvi mrefu uliovunja picha nyingi na mifupa ya watu. Heshima inayopewa picha, mtaguso ulisema, humwendea yule aliyechorwa. Picha ni njia ya kupita, na kosa ni kuishia kwenye ubao na rangi.

Waislamu wa Mumias, mji wa Nabongo, mfalme wa Wawanga, ambako dini hiyo ilitia mizizi kabla ya ukoloni kukita, wana onyo kali zaidi. Hadithi za Mtume zinasimulia kwamba mchoraji wa viumbe vyenye roho ataambiwa Siku ya Kiyama avipulizie uhai alivyoviumba, naye hataweza. Hata hivyo mapokeo yayo hayo yanamtaja sahaba Ibn Abbas akimshauri mtu aliyekula kwa kazi ya mikono yake kwamba akilazimika kuchora, achore miti na visivyo na roho. Wanazuoni wa leo wanatofautiana iwapo onyo hilo linagusa picha za kamera na kompyuta. Lakini mpaka uliowekwa unastahili kutazamwa na yeyote anayetengeneza filamu: hatari iko pale binadamu anapojifanya mwenye kutoa uhai. Kwa kipimo hicho, mti wa Asha unapita bila shida, na watu wa buluu wa Avatar, wanaopumua na kulia machozi, wana kesi ya kujibu.

Wako pia Watiriki, majirani wa kusini, ambao vijana wao wakiwa jandoni hufunikwa nyuso kwa vinyago na kucheza mbele ya watu. Mama aliye kwenye umati anajua mwanawe yuko ndani, na hakuna anayemshtaki mtu kwa ulaghai. Kinyago kinatangaza wazi kwamba ni kinyago.

Majibu haya matano hayapatani, wala hayahitaji kupatanishwa. Lakini yakiwekwa pamoja yanahamisha swali. Hakuna hata mmoja wa majirani hawa anayeuliza kama picha imetengenezwa kwa mkono au kwa mashine. Wanauliza picha inampeleka wapi anayeitazama, na kama inakiri deni lake kwa kitu inachokionyesha. Kwa kipimo hicho uongo wa filamu unaanza pale picha inapodai kujitosheleza, inapomwambia mtazamaji kwamba akishaiona hahitaji tena kitu chenyewe.

Kahiu aliliona hilo kwa ukali usio wa kawaida, kwa sababu alimfanya Asha kuwa mtunzaji wa picha. Makumbusho anayofanyia kazi ni ya kompyuta: viumbe vyote vimehifadhiwa humo kama maonyesho, vikavu, salama, visivyodai maji. Baraza linaloitawala jamii ile limeridhika nayo. Asha anapoomba ruhusa ya kutoka nje kutafuta uhai, ananyimwa, maana kwa watawala kumbukumbu ya mti imekwisha kuchukua nafasi ya mti. Yeye anatoroka na mbegu, anavuka jangwa, anaipanda, anaipa maji yake ya mwisho na kuikinga jua kwa mwili wake. Kamera inapaa, na kijani kinatokea palipokuwa na mchanga mtupu. Kijani hicho ni kazi ya kompyuta. Filamu nzima ilipigwa Afrika Kusini, na katika kuandaa mandhari yake Kahiu alichunguza mbinu za filamu za miaka ya 1950, za kuchora mandhari na kuyaunganisha na picha ya kamera, akizilinganisha na sanaa za Kiafrika. Tuna basi picha ya kompyuta inayotuonya tusiridhike na picha za kompyuta. Mtu anaweza kuiita hali hiyo kujipinga. Kwa kipimo cha Nisea ni picha inayofanya kazi yake, inayomsukuma mtazamaji aende kwenye mti.

Watazamaji wa kwanza wa Kenya hawakuhitaji kusukumwa mbali. Mwaka 2009 ulikuwa wa ukame mkali, na mabishano ya kuwaondoa walowezi katika msitu wa Mau yalikuwa yamejaa magazetini. Mwaka huohuo Kahiu alitengeneza pia filamu ya hali halisi kuhusu Wangari Maathai, mwanzilishi wa Green Belt Movement.

Mfano wa kinyume ulikuwa umekwisha kutangulia. Mwaka 2000, katika O Brother, Where Art Thou?, ndugu Coen na mpiga picha Roger Deakins walipiga filamu Mississippi wakati wa majira ya joto, majani yakiwa yamestawi, kisha wakatumia kompyuta kugeuza kijani chote kuwa manjano ya ukavu. Ilikuwa miongoni mwa filamu ndefu za kwanza kubadilishwa rangi kidijitali tangu mwanzo hadi mwisho. Haikumdhuru mtu, lakini ilionyesha kwamba msitu mzima unaweza kukaushwa na mtu aliyeketi mbele ya skrini. Mwaka 2015 George Miller, katika Mad Max: Fury Road iliyopigwa kwenye jangwa la Namib, alifanya uamuzi mwingine. Filamu nyingi za dunia iliyoharibika hupaushwa. Yeye aliongeza chungwa la mchanga na buluu ya anga hadi zikawaka. Humo pia yumo mwanamke jangwani anayebeba mfuko wa mbegu, miaka 6 baada ya Asha kubeba yake.

Uamuzi wa rangi unaofuata hauko mbali na Isecheno. Leo studio nyingi hazichori mti upya kila mara. Hununua miti iliyokwisha kupigwa picha pande zote na kuhifadhiwa kwenye maktaba za kidijitali, tayari kunakiliwa mara elfu. Kipimo cha majirani wa Kakamega kinafaa hapa kuliko popote, kwa sababu anayekaa karibu na msitu ndiye anayeweza kukagua deni. Kutoka kilima cha Lirhanda msitu unaonekana kwa pembe ileile ya kamera inayopaa mwishoni mwa Pumzi, na si kijani kimoja: yapo majani machanga mekundu, matawi makavu ya kijivu, na manjano ya mti unaopukutika peke yake wakati jirani zake wamestawi. Kama mutere na mkumu haitaingizwa kwenye maktaba hizo, mtengenezaji wa filamu wa Nairobi anayetaka kuonyesha Kakamega ya mwaka 2100 atapanda kwenye skrini misonobari ya Ulaya, na mtoto wa Shinyalu ataonyeshwa mustakabali wa msitu wake bila hata mti mmoja anaoujua kwa jina.