Tangazo la Mlangoni

Huko Texas, Marekani, tangu Januari 1, 2016 sheria iliruhusu wenye leseni kubeba bastola hadharani. Lakini mwenye duka anaweza kukataza, kwa kubandika mlangoni tangazo la Kiingereza na Kispania, lenye herufi zisizopungua inchi moja. Alipitaye na bastola yake wazi hukabiliwa na faini isiyozidi dola 200. Akiambiwa kwa mdomo aondoke naye akakaidi, hukabiliwa na kifungo cha hadi mwaka mmoja na faini ya hadi dola 4,000. Na tangu 2019, mwenye leseni akiambiwa akaondoka mara moja, ana utetezi mahakamani.

Basi yuko asemaye: "Nitaingia tu, wakinifukuza nitatoka." Ndugu msomaji, je, huyu hana kosa?

Sheria imemwachia nafasi pengine kwa kuwa mtu aweza kupita asione. Msamaha huo ni wa aliyeghafilika, si wa aliyesoma akapuuza. Apigaye hodi akanyimwa ruhusa hurudi, hangoji kusukumwa. Na aliyekwisha kulisoma tangazo amekwisha kujibiwa. Kuponea mahakamani ni jambo moja, na uungwana ni jambo jingine.