Mbali na Mwalimu, Karibu na Watu

Siku hizi mtu aweza kujifunza uongozi bila kutoka nyumbani kwake. Akiwa na simu na bando, masomo ya kuendesha mkutano, kutunza hesabu na kupatanisha wagomvi humfuata hapo alipo. Wengine wetu twafurahi, wengine twatia shaka. Twauliza: Je, mtu aweza kujifunza kuongoza watu akiwa peke yake na simu?

Kusoma kwa mbali si jambo jipya. Nelson Mandela alisoma sheria kwa njia ya posta akiwa kifungoni, na mwaka 1989, kabla hajafunguliwa, alipata digrii ya Chuo Kikuu cha Afrika Kusini. Robert Mugabe naye alipokuwa kizuizini, hata mwaka 1974, alisoma kwa njia hiyo hiyo akapata digrii. Wote wawili walikuja kutawala nchi zao. Mmoja aliondoka kwa hiari mwaka 1999 baada ya kipindi kimoja. Mwingine alishika madaraka tangu 1980 mpaka jeshi lilipoingilia kati mwaka 2017. Basi tusiisifu posta kwa ajili ya huyu, wala tusiilaumu kwa ajili ya yule. Iliwaletea wote maarifa. Moyo wa kiongozi hautiwi katika bahasha.

Hata hivyo, tusidhani kwamba kukaa darasani ndiyo dawa. Katika miaka ya 1960 chuo cha theologia cha Wapresbiteri huko Guatemala kiliona tatizo. Vijana waliotolewa vijijini wakasomeshwa mjini, wengi hawakurudi kuwatumikia watu wao. Ndipo mwaka 1963 chuo kikaanza kuwapelekea wanafunzi masomo huko huko waliko. Walisoma vitabu nyumbani, wakaendelea na kazi zao, kisha wakakutana na mwalimu kila juma. Hapo ndipo ilipoanza theologia kwa enezi, ambayo wengi wetu twaifahamu.

Habari hiyo yatufundisha kwamba umbali ni wa namna mbili. Kuna kuwa mbali na mwalimu, na kuna kuwa mbali na wale tutakaowaongoza. Umbali wa kwanza huzibwa na kitabu, barua au simu. Umbali wa pili hauzibwi na kitu chochote ila kuishi pamoja na watu. Mtu aweza kukaa mbele ya mwalimu miaka mitatu, naye anazidi kuwasahau watu wa kwao. Mwingine hajapata kumwona mwalimu wake uso kwa uso, lakini kila jioni yuko pamoja na wale anaowatumikia.

Lakini simu nayo ina mtego wake. Twaweza kuwa sebuleni tukisikiliza somo la namna ya kuwasikiliza watu, na mtoto anatuita mara tatu bila kujibiwa. Twaweza kuwa nyumbani kwetu, nasi tuko mbali kuliko aliye ng'ambo. Tena, katika masomo haya hakuna anayetutazama. Mtu aweza kumpa mwingine afanye mtihani kwa jina lake, akapata cheti kizuri. Huyo tutamkabidhi sanduku la fedha za kikundi? Aliyedanganya pasipo kuonekana amekwisha kutuonyesha atakavyoongoza.

Basi tufanyeje? Twashauri mambo matatu. Kwanza, kila somo lifuatwe na tendo. Tukifundishwa namna ya kutoa hesabu, tuisome hesabu ya kikundi chetu mbele ya wote juma hilo hilo. Pili, tusisome peke yetu. Wawili au watatu wakutane, wabishane, wasahihishane, kwa maana simu haina ujasiri wa kutuambia kwamba tuna kiburi. Tatu, tuwaulize wale tunaowaongoza kama wameona badiliko lolote. Jibu lao laweza kutuuma kuliko alama za mtihani, lakini ndilo la kweli.

Tusiwazuie vijana wetu wala akina mama wanaosoma usiku baada ya kazi za kutwa. Tuwape nafasi, hata ya kuongoza mkutano mmoja tu, wafanye mazoezi kati yetu. Maana cheti chaweza kutoka mbali, lakini uongozi utapimwa hapa hapa, na jirani.