Chombo Kisimamacho Peke Yake

Wahenga walisema: mtegemea cha nduguye hufa maskini. Wahenga hao hao wakasema: mkono mmoja haulei mwana. Sisi tuliolelewa kwa semi hizi tumezoea kuitumia kila moja pahala pake, wala hatukuona haja ya kuzikutanisha ili zijibizane. Mimi nilizikutanisha bila ya kukusudia, nikiwa mbali na baraza zetu za Unguja, huko Manzese, Dar es Salaam. Na kilichozigombanisha ni kifaa cha kutengenezea midundo ya muziki.

Manzese ni mtaa ulioegemea Barabara ya Morogoro. Apitaye kwa basi la mwendokasi huliona daraja la waendao kwa miguu, huziona nguo za mitumba zilizotundikwa, na huuona umati usiokwisha. Asivyoviona ni vyumba vya uani, ambamo vijana huketi mbele ya kompyuta wakitengeneza singeli, muziki wenye kasi ya mapigo 200 hadi 300 kwa dakika. Dada yangu ameolewa mtaani humo, na mwanawe wa pili ni mmoja wa vijana hao. Nilipokwenda kuwajulia hali aliniamkia, tukala, kisha akaniuliza: "Mjomba, nimejiwekea fedha za kuuza mitumba kwa mwaka na zaidi. Ninunue pedi au ninunue sampla?"

Nilimwomba kwanza anifahamishe tofauti, nami namfahamisha msomaji kama nilivyofahamishwa. Pedi ni ubao wenye miraba ya mpira, aghalabu 16, iliyopangwa minne kwa minne. Ukigonga mraba, ubao hupeleka habari kwenye kompyuta: umegongwa mraba gani, na kwa nguvu kiasi gani. Sauti yenyewe imo ndani ya kompyuta. Ukiuchomoa waya, waweza kugonga mpaka alfajiri usisikie ila vidole vyako. Sampla nayo ina miraba ile ile, lakini imebeba kumbukumbu yake yenyewe: hunasa sauti, huikata, huihifadhi na huitoa, bila ya kuomba msaada wa kompyuta. Bei yake, hata hivyo, huweza kuwa mara kadhaa ya bei ya pedi.

Mpenzi wa ushairi hatakosa kuitambua hesabu hii. Miraba 16 minne kwa minne. Na tarbia yetu ni mishororo minne, kila mshororo mizani 16. Sidai kwamba mmoja kamuiga mwenziwe. Lakini mtunzi yeyote, awe wa shairi au wa mdundo, hufanya kazi ndani ya kipimo, na kabla ya kipimo huhitaji ghala la kuchotea. Suali la mpwa wangu lilikuwa ni suali la ghala: liwe langu, au nichote katika la mwenzangu?

Watengenezaji wa vifaa hivi wenyewe wameyumba baina ya majibu mawili. Mwaka 1988 kampuni ya Akai ya Japani, kwa ushirikiano na Mmarekani Roger Linn, ilitoa sampla iitwayo MPC60. Kumbukumbu yake ya awali ilikuwa ya sekunde 13 tu au karibu yake, na juu ya sekunde hizo vijana wa Marekani wakajenga nyimbo zilizosikika duniani kote. Mwaka 2012, kwa jina hilo hilo la Akai, ikatoka MPC Renaissance, yenye sura ya sampla lakini isiyoweza kutamka neno bila ya kompyuta. Mwaka 2017 ikaja MPC Live, iliyorudishiwa uhuru wake na kupewa betri juu yake. Ikiwa waundaji walikwenda wakarudi, mteja wa Manzese ana haki ya kusita.

Mimi sikusita. Nilikulia katika nchi iliyosomeshwa Azimio la Arusha la mwaka 1967, na neno kujitegemea limo mwilini mwangu. Tena mimi ni mtu wa kisiwa. Umeme wetu wa Unguja hutoka Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Mwezi wa Mei 2008 umeme huo ulikatika, tukakaa gizani takriban mwezi mzima. Ukakatika tena Disemba 2009, na hatukuuona mpaka Machi 2010. Aliyekuwa na udi au ganuni katika miezi ile aliweza kupiga, kwa kuwa ala hizo hazingoji waya. Aliyekuwa na kinanda cha umeme alikipangusa vumbi akakirejesha pembeni. Basi nilimwambia: "Mwanangu, nunua kile kisimamacho peke yake."

Akanieleza jambo ambalo lilinithibitishia rai yangu. Kwa miaka miwili alikuwa akifanyia kazi katika chumba cha rafiki yake, kwenye kompyuta ya rafiki yake. Midundo yote aliyoitunga imehifadhiwa humo. Siku moja walikosana juu ya malipo ya sherehe moja ya kigodoro, na mlango ukafungwa. Yeye alitoka na vidole vyake. Midundo ilibaki, na baadaye aliisikia ikipigwa mtaani, jina lake halimo. Hakuwa na la kuonyesha, maana pedi aliyokuwa akiigonga haikumbuki kitu. Nikasema: je, sikukwambia?

Lakini mpwa wangu hakuishia hapo. "Sawa, mjomba. Tuseme nimenunua sampla. Nitatia nini ndani yake?" Nikakaa kimya, akaendelea mwenyewe: "Nitatia taarabu. Hizi sauti nilizoanza nazo ni zenu."

Naye amesema kweli. Singeli ilichipuka katika mitaa kama Manzese, Tandale na Mburahati pale wapigaji muziki wa sherehe za usiku walipochukua vipande vya taarabu visivyo na maneno, wakavirudia na kuviongezea kasi, na waimbaji wakaghani juu yake. Kabla ya hapo palikuwa na mchiriku, uliopigwa kwa vinanda vidogo vya Casio na vipaza sauti vya kuungaunga. Kundi la Jagwa Music la Mwananyamala liliupeleka hadi Ulaya. Mwaka 2017 studio ya Sisso ya Mburahati ilisikika ulimwenguni kwa albamu ya Sounds of Sisso, iliyotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Ndani ya kasi yote hiyo, sikio la mtu wa mwambao bado hukuta fidla na kinanda alivyovijua arusini.

Hapo ndipo nilipoona kwamba shauri langu lilikuwa nusu ya shauri. Nilikuwa nimeiita sampla chombo kisimamacho peke yake, na huku haina sauti hata moja iliyozaliwa nayo. Kila iliyo nayo imeinasa kwa mtu.

Tusikimbilie kumlaumu kijana. Taarabu yenyewe tuliipokea: inasimuliwa kwamba Sultan Barghash alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza ganuni, na tangu hapo tumekuwa tukitia yetu katika ya wenzetu. Wala ushairi haukunusurika kwa kujitegemea. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mwaka 1840. Tungo zake tunazo kwa sababu Mwalimu Sikujua alizikusanya, Mwingereza Taylor akazihifadhi katika maandishi, na mwaka 1940 zikachapishwa kuwa diwani. Ghala la Muyaka lilikaa mikononi mwa wengine karne nzima, nao hawakulifuta jina lake.

Kwa hiyo nadhani tunakosea tunapouliza kama mtu anategemea au hategemei. Kila mtu anategemea. Lililo muhimu ni kujua ni nani, kati ya wategemeanao, awezaye kumdhuru mwenziwe. Kijana aliyetegemea kompyuta ya rafiki yake alikuwa upande wa kudhurika: mlango ulikuwa wa mwengine. Kwa upande huo jibu ni kujitegemea, na sampla, hata ndogo, hata iliyokwisha kutumika, inamfaa kuliko pedi nzuri iliyofungwa kwenye mali ya mtu. Ingekuwa kompyuta ni yake, ningemwambia anunue pedi, na fedha zilizobaki ampe mama yake.

Lakini kwa mpiga fidla wa zamani, kijana huyo huyo yuko upande wa kudhuru. Mzee yule hana mlango wa kumfungia. Pengine amekwisha kufa, na sauti yake imo katika kanda inayopita mkono kwa mkono. Sheria zipo: Bara ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, na Zanzibar ina yake ya mwaka 2003. Ila sheria huhitaji mlalamikaji, na mara nyingi aliyechukuliwa sauti hajui kwamba amechukuliwa. Panapokosekana mlalamikaji, hubaki dhamiri ya mchukuaji. Kijana aliyeumia kwa kusikia mdundo wake ukipigwa bila ya jina lake ndiye aliye karibu zaidi kulifahamu hili, maana maumivu hayo anayo. Kilichompata ni kile kile anachoweza kukifanya kesho akiwa na chombo chake mwenyewe, pasi na mtu wa kumzuia.

Alinunua sampla iliyokwisha kutumika. Mwenyewe akacheka kwamba hata hiyo ni mitumba. Niliporudi tena Manzese nilimchukulia kanda zangu chache za taarabu, kwa sharti moja: kila kipande atakachokinasa, aandike ni cha nani.

"Na nisipolijua jina, mjomba?"

"Uliza."

"Na nikiuliza nisipate?"

"Basi andika kwamba hujalipata, usiache pahala patupu."

Karatasi hiyo ameibandika ukutani, juu ya sampla. Mistari mingine ina majina kamili. Mmoja umeandikwa: mpiga fidla, kanda ya mjomba, jina bado natafuta. Nami tangu siku hiyo, hapa Unguja, nimo katika kuuliza.