Hakuna Aliyeuliza Kama Aliwahi Kuanguka

Wageni wakisikia jina la Ngarambe, huko Rufiji, hukumbuka Kinjikitile Ngwale na maji yake ya Vita vya Majimaji vya mwaka 1905. Sisi wenye ndugu huko tunakumbuka barabara. Ukiwa na mgonjwa, Ngarambe iko mbali na kila mahali.

Huko ndiko alikoolewa shemeji yangu, mke wa mdogo wangu. Kisa chake nakisimulia kwa ruhusa yake, na jina lake nimeliacha. Wala msidhani nilikuwa pembeni nikiwatazama wenzangu wakikosea. Nilikuwamo kwenye kikao cha ukoo, nikasema, na neno langu ndilo lililofunga mjadala.

Mwaka 2013, kabla hajaolewa, alipakiwa kwenye pikipiki nyuma ya gunia la korosho. Pikipiki ikateleza mchangani, ikamlalia. Nyonga ikavunjika. Hospitalini hawakumpasua, walimlaza wiki nyingi, mguu wa kulia umefungwa kamba yenye uzito wa kuuvuta, mpaka mfupa ukashika. Akarudi nyumbani na mkongojo, baadaye akauacha. Alirudi pia na bahasha ya kaki yenye picha za eksirei.

Bahasha ile aliiweka chini ya godoro, na alipoolewa akahama nayo. Tarehe 1 Septemba 2016, siku jua lilipopatwa, watoto waliivumbua, wakazikata zile picha vipande vipande, kila mmoja akapata chake cha kutazamia jua. Tulicheka sana. Kipande kimoja nilikitumia mimi mwenyewe. (Kutazama jua hivyo ni hatari kwa macho, lakini hilo ni somo jingine.)

Haukupita muda akapata mimba.

Kliniki alihudhuria. Nesi alimpima kimo, akakuta amepita sentimita 150. Akamuuliza kama amewahi kupasuliwa. Akajibu hapana, na hiyo ilikuwa kweli tupu. Kwenye kadi ya kliniki kuna mahali pa kilema cha nyonga, lakini huyu aliingia kwa miguu yake, akakaa, akasimama, akaondoka. Nesi angejuaje? Mwenyewe naye hakutaja ajali kwa sababu kwake ilikuwa habari iliyokwisha. Nikimtupia nesi lawama nitakuwa nimejikwepa.

Aliyeona alikuwa bibi mmoja jirani, mkunga wa jadi. Kwa miezi alikuwa akimtazama akitwanga, akipepeta, akiteka maji. Mimba ilipofika miezi saba alimwita mama mkwe wake faragha, akamwambia: "Mwenzangu, mkamwana wako akichuchumaa anaegemea mkono wa kulia. Na kwenye mkeka miguu haifunguki sawa, mmoja unagoma. Mimi huyu simpokei. Mpelekeni hospitali mapema." Mtu aliyepokea watoto wengi wa kijiji kile anakataa kazi yake mwenyewe, na sisi tukasema uzee umemtia woga!

Dalili hazikuwa hizo tu. Usiku alilalia ubavu mmoja. Pikipiki alikataa kupanda, akisema kinena kinamuuma. Njia ya kisimani, ambayo zamani aliimaliza bila kutua ndoo, sasa alipumzika mara mbili. Kila dalili tuliibatiza: mimba ya kwanza, uvivu, kudeka. Ukishaipa dalili jina la kuchekesha, huioni tena.

Tulipokaa kikao kuhusu onyo la yule bibi, mzee mmoja wa ukoo alisema mambo ya kupasuliwa yameletwa na wazungu. Siku ile sikuwa na la kumjibu. Leo ningemwambia kwamba mwaka 1879, huko Kahura katika nchi ya Bunyoro, Uganda, Mwingereza Robert Felkin alimkuta mganga wa Kiafrika akimpasua mama mwenye mimba na kumtoa mtoto, akitumia pombe ya ndizi kusafishia tumbo na mikono, na siku kadhaa baadaye mama alikuwa akiendelea vizuri. Lakini kosa kubwa halikuwa la mzee. Lilikuwa langu mimi niliyesoma. Nilisema: "Mtu anayebeba ndoo ya lita 20 kichwani, nyonga yake ina nini?" Kikao kikaisha. Uchungu ukianza, tukasema, ndipo tutatafuta usafiri.

Uchungu ulianza usiku, mwezi wa sita mwaka 2017. Waliokuwa Kibiti na Rufiji mwaka ule wanakumbuka: mauaji yalikuwa yameshamiri, na bodaboda zilikuwa zimepigwa marufuku kutembea usiku. Tukasubiri kuche. Kulipokucha chupa ilikuwa imekwisha kuvunjika na mtoto hashuki. Gari likapatikana saa nne. Alipoingia chumba cha upasuaji ilikuwa jioni. Mtoto alikuwa wa kiume, mkubwa, na alikuwa ameshafariki. Mama aliongezewa chupa mbili za damu, akapona.

Daktari alituuliza jambo moja: "Picha zake za zamani ziko wapi?"

Hatukujibu.

Akatueleza taratibu, bila ukali. Mfupa wa upande wa kulia uliunga, lakini uliunga ukiwa umesogea ndani na kubana njia. Mguu unataka mfupa ulioshikana tu. Kichwa cha mtoto kinataka nafasi. Sisi tulikuwa tukipima njia ya mtoto kwa kutazama mwendo wa mama.

Tusikimbilie upande wa pili, tukadhani kila aliyevunjika nyonga lazima apasuliwe. Wako wengi ambao mifupa yao iliunga vizuri na wakazaa kawaida, hata baadhi ya waliowekewa vyuma. Upasuaji nao una gharama zake: kovu kwenye mfuko wa uzazi, na uangalizi zaidi katika kila mimba inayofuata. Inategemea mfupa ulivunjika wapi na uliungaje, na hilo anaweza kulisema mtu aliyeona picha na kumpima mama kwa mikono yake. Hata akiambiwa ajaribu kawaida, ajaribu mahali penye chumba cha upasuaji na damu, awe amefika kabla ya siku zake. Kwa watu wa Ngarambe, au wa visiwa vya delta ya Rufiji wanaosafiri kwa mtumbwi, maana yake ni kutoka nyumbani wiki kadhaa mapema na kukaa kwa ndugu karibu na hospitali.

Nikiwaza habari ya kuuliza mapema, namkumbuka mchoraji wa Mexico, Frida Kahlo, aliyevunjika nyonga tarehe 17 Septemba 1925, basi alilopanda lilipogongana na tramu. Alikuwa na miaka 18. Mwaka 1932 akiwa Detroit, Marekani, alikuwa mjamzito. Daktari wa huko alimwambia anaweza kuilea mimba na kuzaa kwa kupasuliwa. Yeye akamwandikia daktari mwingine aliyemwamini, Leo Eloesser, kumwomba ushauri. Mimba ile iliharibika mwezi Julai, na katika picha aliyoichora baadaye aliweka mfupa wa nyonga chini ya kitanda chake cha hospitali. Hakupata mtoto kamwe. Lakini aliuliza. Sisi tulikuwa na daktari, ingawa mbali, na hatukumuuliza chochote.

Shemeji yangu alipotaka kujaribu tena, alikwenda hospitali kabla ya kushika mimba. Hilo lina maana yake, kwa kuwa mimba ikishaingia madaktari huepuka kupiga picha za mionzi za nyonga pasipo ulazima. Akapigwa picha mpya, wakaketi wote watatu, yeye, mume wake na daktari, wakapanga upasuaji wa tarehe maalumu. Binti yao alizaliwa mwaka 2020. Mara hii mimi sikuitwa kwenye kikao, na sikulalamika.

Siku hizi dharura ya uzazi ina namba ya kupiga bila malipo, 115, ya mfumo wa m-mama uliozinduliwa nchi nzima mwaka 2022. Lakini namba hiyo haiwezi kumweleza daktari mfupa wako uliungaje. Basi dada yangu, kama uliwahi kuanguka mkorosho, kugongwa au kuangushwa na pikipiki, mwambie nesi hata kama hajauliza. Na kama ile bahasha bado iko chini ya godoro, itoe leo, uiweke pamoja na kadi ya kliniki, mahali watoto hawafiki.