Jembe Si Adhabu



Tusome Mithali 27, tangu mstari wa 23 hadi mwisho. Mwenye hekima anamtaka mfugaji aijue hali ya wanyama wake, kwa kuwa mali haidumu milele. Anataja kondoo wa kutupatia mavazi, mbuzi wa kununulia shamba, na maziwa ya kuwatosha watu wote wa nyumbani. Ni habari za bandani, nazo zimo katika Maandiko Matakatifu.

Hapa Ugogo neno hili si geni. Wazee wetu walituhadithia Mtunya, njaa ya mwaka 1917 hadi 1920. Majeshi ya vita yalichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo, kisha mvua nayo ikakosekana. Ndiyo maana bibi zetu hawakukubali kulala bila mlenda mkavu chunguni na mtama kihengeni.

Sisi walimu tunayo toba ya kuleta. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, ili shule iwe pia mahali pa kulima na kufuga. Lakini sisi tulifanyaje? Mtoto akichelewa namba, tulimpeleka kulima. Akipiga kelele, akasafishe banda la kuku. Tukamfundisha kwamba jembe ni adhabu, na mwenye akili ni yule aliyeliepuka. Leo tunamlaumu kijana anayeshinda kijiweni hali banda la mama yake limebomoka. Mbegu ile tuliipanda sisi.

Mungu hakuanza hivyo. Katika Mwanzo 2:15 Adamu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza, kabla dhambi haijaingia. Sura ya 3 inaleta miiba na jasho, bali kazi ilikuwapo tangu kwanza, nayo ilikuwa heshima.

Basi toba yetu iwe na matendo. Kila nyumba imkabidhi mtoto tetea mmoja awe wake. Akiatamia, mtoto ahesabu siku 21 aone vifaranga. Wageni wakija, tusimchinje kuku huyo bila kumwuliza mwenyewe. Baadaye apewe mbuzi jike, ajue kwamba hubeba mimba miezi mitano, ajifunze kumkamua na kuchemsha maziwa. Samadi iende kwenye mtama, unaostahimili ukame kuliko mahindi. Akina mama wawaonyeshe watoto kukausha mlenda. Na baba asiwe wa kutuma tu, ashike jembe pamoja nao.

Lakini tujihadhari. Kujitegemea kwa Mkristo si kumsahau Mungu wala jirani. Mjane wa Sarepta alikuwa na konzi moja tu ya unga, akamgawia Eliya, na pipa lake halikupunguka. Mwenye maziwa amkumbuke mwenye mtoto mchanga asiye na mbuzi.

Ee Bwana, utusamehe tulipoidharau kazi ya mikono uliyoiheshimu Wewe. Uwafundishe watoto wetu yale tuliyoshindwa kuwafundisha. Amina.