Subira ya Mwenye Njaa

Watu wengi huisifu subira, na wengi wa hao waisifuo ni watu walioshiba. Silisemi neno hili kwa dhihaka. Iko kazi moja njema ambayo siku hizi hufundishwa vijana maskini ili wajipatie riziki, nayo haifaulu hata kidogo bila ya subira. Kazi hiyo ni ufugaji wa nyuki, na swali ambalo nataka tulichungue ni hili: je, ni haki kumtaka mwenye njaa aiache asali ndani ya mzinga?

Magharibi ya jiji la Nairobi, huko Lenana, ipo taasisi ya taifa ifundishayo kazi hiyo. Upande huo huo wa jiji iko Kawangware, yenye vyumba vya mabati vilivyosongamana, na ziko Lavington na Karen, zenye bustani pana nyuma ya kuta ndefu. Nyuki hawazijui kuta. Huruka kilomita mbili tatu wakanywa utamu wa maua ya mikalitusi na migrevilea, wasiulize shamba ni la nani. Kwa sababu hiyo kazi hii yaweza kumfaa hata mtu asiye na ardhi, maadamu amepata mahali padogo pa kuweka mzinga, mbali na watoto na mifugo, maana nyuki wetu ni wakali. Mwenye bustani naye hapunjwi kitu, kwa kuwa miti yake ya matunda huzaa vizuri zaidi ikitembelewa na nyuki.

Kuvaa vazi la kujikinga na kupuliza moshi kwa kiasi ni mambo ambayo mwanafunzi huyajua upesi. Somo gumu ni somo la kuacha. Sega ambalo nyuki hawajaliziba kwa nta, asali yake ingali na maji mengi, na ikirinwa huchacha. Sega lenye majana haliguswi, kwa kuwa majana ndio nyuki wa kesho. Hata asali iliyoiva hairinwi yote. Katika mwezi wa Julai baridi na ukungu huishukia Dagoretti, maua huwa haba, na nyuki hula akiba yao. Wakiikosa, huhama. Nyuki wa Afrika hafungwi kwa kamba; akidhulumiwa huondoka, na mfugaji akabaki na sanduku. Mzinga wa pau za juu, ulioanza kutengenezwa nchini katika miaka ya 1970 na ambao leo wajulikana ulimwenguni kwa jina la Kenya, ulirahisisha sana jambo hili: kila sega huning'inia katika pau yake, na mrinaji huweza kuchukua moja na kurudisha jingine pasipo kubomoa nyumba nzima. Lakini mzinga humwezesha mtu kuacha tu. Haumpi sababu ya kuacha.

Sasa tumfikirie kijana wa Kawangware ambaye kila alfajiri husimama kando ya barabara akingoja kibarua. Amefundishwa, amepewa mzinga, na nyuki wameingia. Miezi inapita. Mwenye nyumba ataka kodi, na mtoto ataka uji. Kijana anakwenda usiku, anarina kila kilichomo, kilichoiva na kibichi, anauza. Baada ya siku chache mzinga ni mtupu, na aliyemfundisha anatikisa kichwa akisema kwamba maskini hawafundishiki.

Hukumu hiyo naikataa. Mtazame karani aliyeajiriwa katika ofisi za katikati ya jiji. Yeye hungoja siku thelathini pasipo kulalamika, nasi humwita mtu mwenye nidhamu. Lakini subira yake imelipiwa: anajua mshahara utafika, na muuza duka anajua pia, kwa hiyo humkopesha unga na sukari. Mwondolee mshahara na mkopo, kisha tazama nidhamu hiyo itadumu wiki ngapi. Twamsifu kwa tabia ambayo nusu yake ni mali ya mwajiri.

Hata warina asali mashuhuri wa nchi hii hawakuishi kwa subira tupu. Waogiek wa msitu wa Mau waligawana msitu kwa koo, na eneo la ukoo lilipanda kutoka nyanda za chini hadi za juu, ambako maua huchanua kwa majira mbalimbali. Asali ilipokwisha huku, ilikuwa ikiiva kule. Tena walikuwa na nyama ya mawindo. Aliyeiacha asali katika mzinga mmoja alikuwa na pengine pa kwenda. Kijana wetu hana.

Je, basi njaa imwondolee mtu wajibu wote? Hapana. Anayeharibu mzinga ameharibu, na yeye ndiye wa kwanza kuumia. Nasema tu kwamba kosa lile lina wenyewe wawili, na mmoja wao amevaa viatu safi. Anayekuja na mizinga, akafundisha siku chache, akapiga picha na kuondoka, amempa maskini nusu ya kazi, tena ile nusu rahisi. Kampuni ya Honey Care Africa, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2000, iliufikiri upande huu wa pili: wakulima wadogo walipata mizinga ya Langstroth kwa mkopo, deni likakatwa kidogo kidogo katika mauzo ya asali, na kampuni ikaahidi kuinunua kwa fedha taslimu. Kwa njia hiyo sehemu ya kungoja ilibebwa na aliyekuwa na uwezo wa kungoja. Zipo pia taratibu ambazo mtaalamu huja mwenyewe kurina. Hizo huokoa asali, lakini mwenye mzinga huenda akabaki mtazamaji wa mali yake, nami sizipendi sana, ingawa nakiri kwamba mtazamaji aliyelipwa amekula.

Julai ifikapo, kijana yule atainua kifuniko tena. Ataona masega manne yaliyozibwa vizuri, meupe kwa nta, na nyuki wamejikusanya juu yake kwa baridi. Ana kisu mkononi. Nyumbani kwake, upande wa pili wa barabara, ama chungu kiko jikoni ama hakiko.