Haki ya Mja Haichakai

Alhamdulillahi Rabbil-alamin, na sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad, ali zake na sahaba zake.

Ndugu zangu wa kiume na wa kike, naiusia nafsi yangu kabla ya zenu tumche Allah katika makubwa na katika yale tuyaonayo madogo, kwani umri ni mfupi, ajali haina miadi, na daftari la kila mmoja wetu laandikwa hata sasa tulipoketi.

Wapo miongoni mwetu, Allah awajazi kheri, wanaotoa mali yao wenyewe kuchapisha vitabu vya kumbukumbu za Mombasa, wakatia humo matangazo ya sabuni, chai na baiskeli kutoka magazeti ya miaka ya 1950. Niyyah ni njema. Lakini aliyenunua gazeti kuukuu amemiliki karatasi, hakumiliki mchoro uliomo. Karatasi hugeuka manjano, haki ya mja haichakai.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 imeweka mipaka. Picha ya kamera iliyopigwa na kuchapishwa mwaka 1958 ililindwa miaka 50, na muda huo umekwisha. Ama mchoro wa mkono, hulindwa hadi ipite miaka 50 baada ya kufa mtunzi: aliyechora mwaka 1955 akafariki 1990, haki ni ya warithi wake, au ya aliyeuziwa, hadi mwisho wa 2040. Mtunzi asipojulikana, miaka 50 huhesabiwa tangu kuchapishwa. Na nembo ya biashara, maadamu usajili wake wahuishwa, haifi kwa kuzeeka.

Wala asiseme mtu kuwa hayo ni ya serikali tu. Mwaka 1988, huko Kuwait, wanazuoni wa Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu walipitisha kwamba haki ya utunzi, jina la biashara na nembo ni haki zinazohifadhiwa kisharia, na kuzivamia ni haramu.

Tazameni pembe ya chini ya tangazo, penye sahihi ndogo ya mchoraji. Mwenye kuikata ili ukurasa upendeze amemdhulumu maiti jina lake, na huenda amewadhulumu mayatima riziki yao. Mmeisikia habari ya yule muflis atakayefufuliwa na sala, saumu na zaka, kisha mema yake yakagawiwa aliowadhulumu. Dhima ya mja hailipwi kwa rakaa.

Basi andikeni barua mapema kwa gazeti na kwa kampuni, mhifadhi jibu, mtaje chanzo na mwaka. Asiyejibu hajaridhia: kama muda wa haki yake haujaisha, iacheni picha, mlieleze tangazo kwa maneno yenu. Kitabu kilichopungua ukurasa ni chepesi kukibeba kuliko haki ya mtu mbele ya Mola.

Allah atujaalie chumo la halali, na atutoe duniani hatudaiwi na mja. Amin.